Barua ya Neema na mashine inayolinda mlango

Ijumaa, mwezi wa kumi na mbili. Huu ni mwaka wa pili tangu nitoke Iramba. Mvua imejaza shimo, leo hatukuchimba. Mgongo unauma, ila siandiki kwa ajili ya mgongo.

Binti yangu Neema amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Nilimwombea hapahapa Tarime, kwenye steshenari ya mama Bhoke, kwa barua pepe ya duka. Chuo kikataka mzazi athibitishe kwa anwani hiyohiyo kabla ofisi haijafungwa leo, la sivyo nafasi apewe mwingine.

Tulituma asubuhi. Ikarudi. Tukatuma tena, ikarudi.



Mama Bhoke akaipigia kampuni inayompa intaneti, akaweka spika. Kijana wa huko akauliza kama jana mama Bhoke alituma barua nyingi zinazofanana kwa mkupuo. Ni kweli. Ukoo wao wa Susuni unatahiri wavulana msimu huu, naye alipewa kazi ya kualika ndugu walio mbali. Aliandika mwaliko mmoja, akawatumia wote.

"Mashine imedhani ni matapeli, mama. Imezuia kila barua inayotoka kwenu."

"Matapeli! Tunatahiri watoto wetu, wewe unatuita matapeli? Au umekasirika hujaalikwa?"

Kijana akacheka, akaomba radhi, akaondoa kizuizi.

Nikamuuliza, mwanangu, nani anakaa kusoma barua zote hizo? Akasema hakuna mtu. Mashine inatazama tu zinavyotoka na zinavyofanana, inazuia za wezi kabla hazijamfikia mtu. Usiku na mchana, barua za nchi nzima.

Mimi niliishia darasa la tano.

Sina hasira nayo. Sisi tunaoosha dhahabu tunajua: ukimwaga matope, punje nyingine huondoka nayo. Ndiyo maana wapo wanaoosha tena yaliyomwagwa. Lakini sisi tuna karai moja na macho mekundu. Ile inaosha maneno ya watu wote, na sijawahi hata kusikia mlio wake.

Mungu wangu, binadamu ametengeneza nini?

Barua ilienda. Jibu likaja ofisi zikikaribia kufungwa: nafasi ni ya Neema, masomo yanaanza mwezi wa tatu.

Nilimpigia. Alilia, nami nikalia mbele ya wateja.

Mwisho wa mwezi wa pili narudi nyumbani. Nitamfikisha chuoni mwenyewe.