Jina Nililokataa Kurudisha

Jumapili

Wacha wanune. Sirudishi.

Leo tulifanya harambee Al Nahda, mtaa wa huku ughaibuni tunakofanya kazi, kuchangia paa la zahanati ya kwetu Molo. Arbab, yaani bosi wangu, mwenye farasi ninaowatunza, alitoa kitu kimoja cha kupigwa mnada: atakayeshinda atampa jina yule mtoto wa farasi aliyezaliwa juzi.

Kwetu ukinunua kitu cha harambee unakirudisha, kiuzwe tena. Keki moja ilinunuliwa mara tano na hakuna aliyeionja. Jina nalo likazunguka hivyo hivyo, mpaka likanifikia mimi.

"Haya Wambui, rudisha tuuze tena!" Otieno, mwenye kuendesha mnada, akanyoosha mkono.

"Sirudishi."

Mama aliyeleta ile keki akaniita mchoyo, nikamsikia vizuri.

"Unatuharibia harambee," Otieno akasema.

"Nimelipa. Khalas."

Babu, mzaa mama, alizalisha farasi wa mlowezi mpaka akazeeka. Siku ya maonyesho ya wazungu aliwaongoza farasi hao hadi getini, wakaingia kuvishwa nishani, yeye akabaki nje. Hakuulizwa hata mmoja wao apewe jina gani.

Huyu mtoto wa farasi nilimvuta mimi akizaliwa, kwa mikono hii.

Naogopa tu vile mama atasema akisikia farasi ameitwa jina la baba yake. Lakini nitamweleza.

Kesho naandika kwenye mlango wa banda: NJOROGE. Kila atakayemtaka, daktari, wanunuzi, hata arbab mwenyewe, itabidi amwite babu.