Kanzu ya Dereva

3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Sisi wazima, sijui wewe na goti lako.

Shangazi kanipigia simu. Eti yule dereva aliyemgonga mdogo wangu ametoka jela, ameokoka, anabatizwa mwisho wa mwezi, na kanzu yake unashona wewe. Nikamwambia aache umbea. Kama ni kweli, mwachie fundi mwingine. Ukimshonea, mimi na wajukuu zako hutuoni tena.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma vilevile, namshukuru Mungu.

Si umbea. Kanzu za wabatizwa nashona mimi tangu hujazaliwa. Mchungaji alisema nikishindwa ataelewa, nikamjibu sijashindwa. Basi yule dereva akaja kupimwa. Nilipozungusha futi kifuani nikausikia moyo wake unadunda, nikakumbuka wa mwanangu haudundi. Nikaandika vipimo vyake, akaenda zake. Kila siku nasali Baba Yetu, nikifika pale pa kusamehe naruka. Usinichagulishe, mama. Njooni tu.

Mama yako

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Huku tu wazima.

Umeshachagua. Nyie watu wa kanisani mnasamehe upesi kama wanaoanua nguo mvua ikija. Usiniandikie tena.

Mimi

6 Aprili

Mwanangu,

Sijui kama utaifungua hii. Watoto hawajambo?

Amebatizwa. Nilimshonea, tena vizuri. Halafu nikaacha pini kwenye mshono wa shingo. Sikusahau. Fundi wa umri wangu hasahau pini. Alipovaa ikamchoma, damu ikatokeza kwenye kitambaa cheupe. Akaipapasa, akaichomoa, akanitazama, kisha akaifumba kiganjani na kuingia nayo majini. Kanisa zima linaimba, mimi nimesimama kama mwizi. Tangu siku hiyo sala haitoki kabisa. Naona haya mbele za Mungu, na mtu wa kumwambia sina ila wewe.

Mama yako

14 Aprili

Mama,

Shikamoo. Pole, mama yangu.

Barua yako nimeisomea jikoni, nikakaa sakafuni nikalia mpaka watoto wakadhani tumefiwa. Mimi nilidhani umemsahau mdogo wangu. Miaka yote hii nilijua nalia peke yangu, kwamba wewe una Yesu wako na umeshamaliza.

Tunakuja Ijumaa. Jumapili nitakwenda na wewe kanisani, mara ya kwanza tangu tumzike. Yule dereva akiwepo, nishike mkono.

Mwanao