Nilijibu Ndiyo Bila Kusikia

Mke wangu Achieng', nyar Kendu, binti wa Kendu,

Nakuandikia kutoka kwenu. Hilo peke yake lingekuchekesha. Wewe umelala kwetu Makueni, kwenye ule udongo mwekundu ambao hukuupenda kwa sababu haushiki maji, na mimi niko huku kwenu. Nimepanga chumba Rongo, na kila asubuhi lori la kampuni linanichukua kwenda kupasua mawe upande wa Migori.

Najua ungesema nini. "Baba Mwende, si ulistaafu? Si walikupa blanketi na kukupigia makofi?" Nilistaafu, ndiyo. Blanketi lenyewe ninalo hapa. Lakini kampuni moja ya barabara ilikosa mtu mwenye cheti cha baruti. Aliyekuwepo aliondoka, na bila cheti hakuna anayeruhusiwa kulipua mwamba. Mtu fulani akakumbuka Jakamba, kama watu wa kwenu walivyoniita mimi Mkamba, yule mzee wa mawe wa zamani, wakanipigia simu. Mkataba wa miezi mitatu, wakiridhika wanaongeza. Usidhani walinitaka mimi. Walitaka karatasi yangu, nami nikaja nayo, kama mtu anayealikwa harusini kwa sababu ana gari.

Sikuja kwa shida ya chakula. Nilikuja kwa sababu nyumba ilikuwa imenyamaza. Mwende wetu hupiga simu Jumapili. Mimi husema "sawa, sawa, mama", halafu nakata. Yeye hudhani nina haraka. Kumbe simsikii vizuri, na naona haya kumwambia arudie.

Ofisini walinipa fomu ya kujaza. Mgongo je, macho je. Halafu: je, unasikia vizuri? Visanduku viwili. Nikaweka alama kwenye ndiyo. Karani hakuinua hata kichwa.

Wewe unajua uzito wa alama hiyo kuliko mtu yeyote.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuwa kijana wa serikali kule machimbo ya Homa Bay, na wewe ulikuwa ukiuza nyuka kwenye ndoo ya bluu, nyuma ya kile kibendera chekundu ambacho watu hawakuruhusiwa kukipita. Siku moja nilikuja na kikombe changu, ukanimwagia uji bila kuniangalia, ukasema, "Leo zimelia tisa."

"Nani amekuambia?"

"Masikio. Ama ulidhani masikio ni ya wanaume wa serikali peke yao?"

Na kweli nilikuwa nimewasha tambi tisa, moja baada ya nyingine, ili kila baruti ilie peke yake na ihesabike. Hiyo ndiyo kazi yetu yote. Ukiweka tisa na ukasikia nane, kuna moja imelala ndani ya jiwe, hai, inamngoja mtu wa kuigonga na mtaimbo.

Baada ya siku hiyo tukawa na mchezo wetu. Kila mlio, kijiwe kimoja kiganjani, mimi kwangu na wewe kwako. Tulikubaliana hakuna kutaja, maana anayetaja kwanza anamharibu mwenzake. Kisha tunafungua viganja pamoja. Watu walidhani tunapeana kitu cha siri. Walituimbia hadi wakachoka.

Halafu ile siku ya ubishi. Mimi niliweka kumi na nne na kiganja changu kilikuwa na kumi na nne. Chako kilikuwa na kumi na tatu. Wanaume walikuwa wameshashika mitaimbo. Nikakukasirikia mbele yao: "Sasa muuza uji atanifundisha kazi?"

Hukupandisha sauti. "Sikufundishi. Mimi nimesikia kumi na tatu. Ukitaka kwenda, nenda peke yako, na uniachie viatu nivipeleke kwa mama yako Ukambani."

Nilikwenda peke yangu. Sikukuachia viatu. Ya kumi na nne ilikuwepo, imelala. Wanaume sita wangekuwa juu yake. Wiki iliyofuata nikatuma watu kwa baba yako Kendu Bay. Yeye aliuliza kama Wakamba hawana wasichana. Kiluo changu ulikicheka, Kikamba chako nikakicheka, basi nyumba yetu ikawa ya Kiswahili, na ndiyo sababu hata leo nakuandikia kwa hiki.

Sasa sikiliza la Jumanne.

Tuliweka baruti kumi na mbili. Malori matano yalikuwa yamepanga foleni yakingoja mawe, na msimamizi wetu Odhiambo alikuwa ameshapigiwa simu mara tatu na wakubwa wake. Niliwasha, nikarudi nyuma ya kibanda cha mabati, nikaokota vijiwe. Huo mkono wangu haujastaafu. Mawe yakaanza kulia. Vumbi likapanda, likatulia. Nikafungua kiganja. Kumi.

Nikageuka kutafuta kiganja cha pili. Kuna mmoja alikuwa na nyaya za muziki masikioni. Dereva wa tingatinga, Chacha, Mkuria mmoja mkubwa mwenye maneno mengi, alikuwa ndani ya mashine ikinguruma.

"Nani amehesabu?" nikauliza.

Odhiambo akajibu, "Si tuliweka kumi na mbili? Zimelia kumi na mbili, mzee. Piga filimbi watu waingie."

"Umezihesabu?"

"Mbili zimelia pamoja. Zingine zimelia. Kumi na mbili, ama namna gani?"

Achieng', shingo yangu ilianza kuinama. Nakuambia ukweli, nilikuwa karibu kuitikia. Ni rahisi sana. Unainamisha kichwa kidogo, watu wanafurahi, kazi inaendelea, na mkataba unaongezwa. Nimeishi hivyo miaka mitatu. Sokoni, kanisani, kwenye simu ya mtoto wangu mwenyewe, nainamisha kichwa kwa maneno ambayo sikuyapata.

Filimbi ilikuwa mdomoni. Nikaitoa.

"Mimi nimesikia kumi," nikasema. "Lakini masikio yangu yameharibika. Kwenye fomu niliandika uongo. Sijui kama hizo mbili zimo ndani ya jiwe ama zimo ndani ya kichwa changu."

Nilidhani nikisema hivyo watasimama. Odhiambo akacheka kama mtu aliyetua mzigo. "Sasa si umemaliza mwenyewe? Ni masikio yako, si mawe. Chacha, ingia!"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Ukweli wangu ulikuwa umewafungulia njia. Nikaenda nikasimama mbele ya tingatinga. Ilikuwa inatetemeka hadi nikasikia mtetemo kwenye meno. Chacha akachungulia dirishani.

"Jakamba, nikukanyage leo ama kesho?"

"Filimbi haijalia."

Akaniangalia, akamwangalia Odhiambo. Akazima mashine. "Bosi, mimi nina watoto wanne na mke mkali. Bila filimbi siendi. Ingia wewe na hizo suruali zako safi."

Watu wakacheka, lakini kicheko kile hakikuwa na raha. Hakuna aliyesogea. Odhiambo akaniambia kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia vizuri: "Ukikuta hakuna kitu huko, mzee, leo hii unarudi kwenu."

Nilingoja muda wote unaotakiwa, saa mkononi, nao wakiniangalia kama mwizi. Kisha nikaenda peke yangu. Masikio hayakuwa na kazi tena, ikabaki macho. Tundu moja moja. La kwanza limefunguka, la pili limefunguka. Nilipofika la nane bila kuona kitu, nilianza kuomba nikute moja imelala. Nisamehe kwa ombi hilo. Niliomba mauti yawe ndani ya jiwe ili nisiwe mzee mjinga mbele ya watu.

La kumi na moja, pembeni kushoto, jiwe lilikuwa limesimama zima. Utambi ulikuwa umeungua hadi mdomoni mwa tundu ukazimika. La kumi na mbili lilikuwa limefunguka vizuri.

Ilikuwa moja. Wao walisema zote zimelia, mimi nikasema zimepungua mbili, na wote tulikosea. Zilikuwa zimelia kumi na moja. Wewe ungefungua kiganja na kingekuwa na vijiwe kumi na kimoja.

Tuliilipua kesho yake asubuhi. Chacha aliinua kidole juu akapiga kelele, "Moja! Jakamba, umeipata hiyo?" Niliipata kwa miguu, ardhi ilipotetemeka.

Odhiambo alikuja baadaye, mpole. "Kaa tu, mzee. Sisi tutahesabu. Tunachotaka ni cheti, na cheti hakina masikio." Nikamwambia cheti kinatembea na mimi, nami naondoka. Nikaenda kwa karani nikaomba ile fomu nibadilishe alama. Akasema fomu ikishajazwa haifutwi. Basi naiacha na uongo wake. Uongo mwingine ninaweza kuufuta.

Ile siku ya mwisho hospitalini, ulinivuta mkono ukaniambia kitu. Maneno kama manne au matano. Muuguzi alikuwa anasukuma kigari, na sauti yako ilikuwa imeisha. Ulinikazia macho ukingoja. Nikasema, "Ndiyo." Ukaachia mkono wangu, ukatulia, kama mtu aliyepata alichotaka. Jioni hawakuniruhusu kuingia tena.

Sikusikia, Achieng'. Sijui nilikuahidi nini. Labda ni Mwende. Labda ulitaka kurudishwa kwenu uzikwe karibu na ziwa, na mimi nikakupeleka kwenye udongo ule usioshika maji. Nimekaa nalo miaka mitatu, na nilikimbilia kwenye mawe yanayolia kwa nguvu ili nisilisikie.

Leo nilimpigia Mwende mimi mwenyewe, si Jumapili. Nikamwambia, "Baba yako hasikii, sema polepole." Akasema kila neno peke yake, kama baruti zilizopangwa vizuri. Nikamuuliza kama mama yake alimwambia lolote kuhusu kuzikwa. Akasema nikifika tutaongea, si jambo la simu.

Natoka hapa Jumamosi. Kabla ya kupanda gari la kurudi nitapita Kendu Bay nimwambie kaka yako mambo haya haya, na akinifukuza nitakuwa nimestahili. Vijiwe kumi viko mfukoni. Cha kumi na moja bado sijakiokota, nakuachia wewe.

Ni mimi mumeo,
Jakamba