Cherehani Dirishani

Dada yangu mpendwa,

Huku sote wazima, na mtoto kaota jino. Ila msimamizi wetu wa kiwandani ananitia wasiwasi. Yule aliyekuwa akitufokea mpaka sindano zinatuponyoka, siku hizi anaketi nasi na kuuliza, "Hebu nionyeshe unavyofanya." Nikajisemea, huyu ana lake jambo.

Macho yangu yamefifia, dada. Nimemficha kila mtu, hata mume wangu. Juzi nikakuta cherehani yangu imehamishiwa dirishani, penye mwanga. Ni msimamizi aliyeihamisha. Nikangoja barua ya kufukuzwa, haikuja.

Bado simwamini. Lakini jana nilishona kola ikaenda upande, na badala ya kuificha chini ya rundo kama zamani, niliibeba mwenyewe nikampelekea.

Ni mimi mdogo wako,
wa dirishani