Kaa Chini, Mama

Bukoto, 3 Machi 2024
Mama mpendwa,
Jambo sana. Goti linaendeleaje? Sisi wazima. Mama Akwero, mama yake Obita, anafika Jumapili ijayo kutoka Gulu. Anataka kukuona kabla ya harusi yangu na mwanawe. Nakuomba usiongee Kiswahili mbele yake. Wakati wa vita, askari waliovamia kwao walisema Kiswahili. Hajakijua kwa njia nyingine.
Binti yako, Annick

Ggaba, 4 Machi
Mwanangu,
Nashukuru mko wazima. Goti linauma mvua ikikaribia. Lakini umenitia wasiwasi. Kiingereza sina, Kiacholi sina. Sasa mama wa watu nitamsalimia kwa mkia, kama mbwa? Lugha niliyokubembelezea Bukavu ndiyo ya kumtisha mtu? Haya. Nitatabasamu mpaka mashavu yaume.
Mama yako

Ggaba, 14 Machi
Annick wangu,
Umeamkaje? Unakula? Simu hupokei, basi naandika. Ulikuwa jikoni, hukuona mwanzo. Mama Akwero alisimama anipe kiti chake, kwa sababu ya goti langu. Nikaona haya, mtu mzima kuniachia kiti! Nikasahau. Nikasema, "Hapana, kaa! Kaa chini, mama!" Akakaa. Siyo kitini, mwanangu. Sakafuni, mikono kichwani. Mimi nikacheka, nilidhani mzaha. Ndipo ukaingia na sahani. Je, alikula siku hiyo? Nijibu hata kidogo.
Mama yako

Bukoto, 2 Aprili
Mama,
Sisi wazima. Alikula kidogo. Anasema hakukasirika, mwili ndio uliotangulia. Nilimweleza kwamba kwetu "kaa" ni heshima kwa mgeni. Akaniuliza, "Na 'lala chini', kwenu nayo ni heshima?" Harusini uje, amekubali. Ila asikusikie.
Binti yako

Ggaba, 9 Aprili
Mwanangu,
Natumaini unalala vizuri. Mimi silali sana. Nitakuja. Nimemwomba Adong, anayeuza dagaa meza ya pili kutoka yangu sokoni, anifundishe Kiacholi. Ananicheka, eti ulimi wangu mzito kama ugali wa jana. Nilitaka kumwambia Mama Akwero kwamba mimi pia nilikimbia, na walionikimbiza walisema Kiswahili hicho hicho. Nikabaki nacho, maana sikuwa na kingine cha kuwaitia wanangu. Kiacholi changu hakifiki huko. Kimefika kwenye "tim kica", yaani nisamehe, basi. Kwa Kiswahili mimi ni muuza samaki, mcheshi, mgomvi, mama yako. Kwa Kiacholi mimi ni mtu wa kuomba radhi tu. Nitakuja nikiwa huyo.
Mama yako