Gari la Baba Limeacha Kulia

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, nguo zikiwa zimeshaanikwa.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na huyo mtoto wenu, ameshaota meno au bado anawacheka kwa ufizi? Sisi huku ni wazima. Mgongo wangu unaniuma kwa kuinamia cherehani, lakini huo si ugonjwa, huo ni umri. Shemeji yako naye mzima, ila sauti imemkauka kabisa, na ukifika mwisho wa barua hii utajua kwa nini. Ningekupigia simu, lakini ungecheka, nami ningecheka, na tusingefika popote.

Jambo lenyewe ni macho ya mama. Unajua mtoto wa jicho alivyomzidi. Ulipokuja mara ya mwisho alikupapasa uso kama anayepima kitambaa, ukajitia kucheka, lakini nilikuona ulivyotoka nje kujifuta. Basi hatimaye kapangiwa siku ya upasuaji. Hospitali iko mbali, daktari wa macho hupita pale kwa nadra, na muuguzi alituambia bila kuficha kwamba tukiikosa siku hiyo tutasubiri sana, na huenda macho yasisubiri.

Mama akakubali kwa sharti moja: apelekwe na gari la baba. La jirani hataki, teksi hataki, basi ndiyo usimtajie kabisa. Ati gari la baba analijua kwa sauti, likikata kona anajua ni kona gani, ila kwenye magari ya watu anakaa kama mzigo uliosahauliwa. Nikaitikia sawa mama, sawa mama, nikijua ni maneno tu. Kumbe mwenzangu alikuwa anasema kweli tupu.

Gari lenyewe unalikumbuka lilivyokuwa likilia. Ukiliwasha tu, kwiiii, mtaa mzima unajua tunakwenda sokoni. Ni ile mikanda ya injini: huu unaendesha alteneta ya kuchaji betri, ule pampu ya usukani, ule mwingine pampu ya maji na feni, na kila mmoja una kinyongo na mwenzake. Ukikaza huu, ule unalegea. Mama alipopangiwa siku yake tu, mmoja ukakatika boneti likiwa wazi, ukamchapa shemeji yako begani. Iliyobaki ilikuwa nyuzi tupu, na madukani hakuna tena ya saizi ile.

Hapo sasa ndipo unapoingia wewe. Nani alimwambia shemeji yako kwenye simu kwamba magari ya siku hizi yana mkanda mmoja tu mrefu, unazungukia kila kitu? Si wewe? Na unamjua, ukimpa neno anakufungulia kiwanda. Kesho yake alikuwa kwa muuza skrepa, yule wa vyuma chakavu. Kumbe injini ya ukoo uleule na yetu, iliyotoka baadaye, ina huo mkanda mmoja. Akaikuta moja imelala pale, akaifungua uso wote: puli, yaani vile vigurudumu vya kupitishia mkanda, breketi, alteneta, pampu ya usukani, na kile kidude cha springi kinachokaza mkanda chenyewe. Vyote kavileta nyumbani ndani ya beseni langu la kufulia. Beseni sasa ni jeusi, lakini tuyaache hayo.

Alirudi anamsifu muuza skrepa utadhani kapata mchumba. "Mke wangu, waaminifu bado wapo! Yule bwana kaniambia mwenyewe, hii pampu ya maji inakwenda kinyume, na feni yake pia. Angeweza kuninyamazia!" Kwa hiyo pampu na feni akaviacha kulekule, akampa mkono yule bwana kwa ukweli wake, akaamua kutumia pampu na feni zetu za zamani. Hilo neno, kinyume, liweke pembeni, tutalihitaji.

Kazi ikaanza, nami nikafilisika. Puli zote lazima zikae mstari mmoja, la sivyo mkanda unaruka, basi rula yangu ya kukatia ikaenda. Chaki ikaenda. Tepu ya kupimia ikaenda, mteja akaja nikampima kwa uzi. Njia ya mkanda kaichora kwenye karatasi yangu ya mikato, na nilibakiza kidogo tu nimkatie mwalimu wa watu gauni lenye alteneta kiunoni.

Huo mkanda una mifereji upande mmoja, na upande wa pili, yaani mgongoni, ni laini. Unapita juu ya puli hii, chini ya ile, unarudi tena. Shemeji yako akiupitisha unabaki mrefu, akiupitisha tena unakuwa mfupi. Nikamwambia sogea. Kwangu mimi ilikuwa kama kutunga uzi kwenye cherehani, nikaupitisha mara moja ukakaa. Akaninunia mpaka chakula kilipoiva.

Akawasha gari. Kimya! Mkanda unakimbia bila neno. Shemeji yako akainua mikono juu kama kafunga goli, na mikono ikiwa bado hewani mshale wa joto ukapanda, rejeta ikaanza kutoa mvuke. Akangoja ipoe, akaongeza maji, akawasha tena. Ikachemka tena. Akalaumu rejeta, akalaumu maji, akakulaumu na wewe.

Na hospitali ilikuwa keshokutwa. Mama yuko barazani, nguo za safari ameshazikunja, kila nikipita ananiuliza, "Limepona?" Nakwambia kweli mdogo wangu, niliogopa. Nilimtazama yale macho yaliyofunga ukungu nikawaza, tukishindwa hapa, ndiyo basi tena.

Nikaenda kusimama mbele ya gari, nguo ya mteja iko begani, shemeji yako anawasha kwa mara ya mwisho. Ile nguo ikaruka ikanifunika uso. Upepo gani huu? Hata majani hayatikisiki. Nikaweka mkono kwenye grili, hewa ya moto inatoka nje.

"Bwana, feni ya gari si huvuta hewa kuingia ndani? Mbona hii inanipuliza mimi?"

Akazima, akainama kutazama. Puli zote mkanda unazishika kwa mifereji, lakini ile ya pampu ya maji unaishika kwa mgongo. Sasa zile zikizunguka huku, ile inazunguka kule. Maji yanapigwa yasikokwenda, na feni inapoza mtaa badala ya injini.

"Kinyume," akasema shemeji yako, na akakaa taratibu juu ya tairi la akiba.

Tulikwenda kwa muuza skrepa kwa miguu. Alipotuona akafurahi. "Nilijua mtarudi! Si nilimwambia mzee kwamba pampu hii inakwenda kinyume?"

"Mwenzio alielewa ni mbovu," nikamwambia.

"Ingekuwa mbovu ningesema mbovu, mama! Kinyume ni kinyume!"

Imetengenezwa hivyo, kumbe, izunguke upande ule pamoja na feni yake. Nilicheka nikashikilia mlango wa lori bovu. Shemeji yako alizibeba zote mbili kifuani mpaka nyumbani, kama aliyebeba mtoto wa watu. Akazifunga. Gari likatulia, halichemki, halilii. Nilimpikia vizuri siku ile, stahili yake.

Siku ya safari ikafika. Mama kavaa, kilemba kipya, mkoba mapajani. Shemeji yako kawasha gari mbele ya baraza. Namshika mama mkono, anasimama, anasikiliza.

"Gari liko wapi?"

"Hili hapa mama, limewaka."

"Hili si la baba yenu. La baba yenu linalia."

Tukamweleza mkanda, puli, kidude cha springi. Wapi! Akarudi kukaa kwenye kiti chake, akaniambia polepole, "Miaka yote nikilisikia linalia pale kona, nilikuwa nainuka kupakua chakula. Macho yaliponiishia, na yeye alipotutoka, nikilisikia bado namwona. Sasa mmemnyamazisha." Baba nilimkumbuka pale upya kabisa, machozi yakanitoka, na saa inakimbia.

Mara nikasikia, "Kwiiiiiii!"

Nikageuka. Shemeji yako! Mtu mzima na mvi zake, ambaye mbele ya mama mkwe hata chafya huipigia nje, katoa kichwa dirishani, kafumba macho, mishipa ya shingo imemtoka, analia kama mkanda. "Kwiiiiiii!"

Mama akainua uso.

"Mkwe wangu."

"Naam, mama."

"Lilikuwa linaanzia chini, halafu ndiyo linapanda."

Akamsahihisha, we! Naye akarudia, akaanzia chini akapanda. Mama akacheka mpaka kilemba kikamlegea, akaninyooshea mkono. "Twendeni. Ila kila kona alie."

Na kila kona kalia. Watoto walitukimbilia, mbwa walitujibu. Njiani askari wa barabarani akatusimamisha, akazunguka gari, akatushauri kwa upole tukakaze mkanda. Shemeji yako akamshukuru kwa sauti ambayo ilikuwa imeanza kupasuka.

Upasuaji ulikwenda vizuri, Mungu ashukuriwe. Siku ya kufunguliwa bandeji tulimtoa mama nje ya hospitali akajishikilia mlangoni, anapepesa macho. Akanitazama kwanza mimi, akasema nimekonda na nani kaniruhusu. Akalitazama gari kuanzia taa mpaka taa. Shemeji yako akavuta pumzi, akaanza, "Kwi..."

Mama akamwekea mkono begani. "Pumzika, baba. Leo naliona."

Njia nzima gari lilikuwa kimya. Sisi ndio tuliolia.

Ile picha ya mwanao uliyotutumia nilimpa jioni ileile. Aliishika mpaka chai ikapoa, halafu akauliza kwa ukali kwa nini hakuna aliyemwambia kwamba mtoto huyu ana masikio ya babu yake. Tukaitazama upya, na kweli ni yaleyale. Hakuna aliyekuwa ameona.

Nisalimie wifi yangu sana, mbusu mwenye masikio, mwambie shangazi yake anamshonea suruali na aje akiwa na kiuno cha kupimika. Shemeji yako anakusalimu kwa kupunga mkono, maana ndicho anachoweza kwa sasa. Muuza skrepa naye anakusalimu ingawa hakujui, anasema ukiwa na wazo jingine umpigie yeye kwanza. Mungu awalinde njiani na awafungulie mlango wa kurudi nyumbani.

Na mrudi kweli. Tutakuja kuwapokea na gari la baba. Halitalia, lakini mama anasema msijali, kiti chake amekigeuza kinatazama kona.

Dada yako akupendaye, hata unapomtia mume wake mawazo.