Pale Tulipoukata Mchoro

Baba Upendo, mume wangu,

Upendo yuko shule. Nimebaki hapa mtaani kwetu Soweto na mchoro wetu wa redio mezani, na leo nimeshindwa kunyamaza.

Unakumbuka siku kompyuta ilipogoma? Tulitaka kumtengenezea baba yangu redio ndogo mbili za kuongea, moja yake na moja yetu, atuite kutoka Usangu anakochunga ng'ombe, kule simu hazishiki. Kabla ya kutengeneza bodi ya saketi, tulitaka kuona kwenye kompyuta mawimbi yatakavyopita ndani yake. Mchoro mzima ukaishinda. Feni ikavuma, skrini ikaganda. Ukacheka. "Mama Upendo, mzigo huu tuugawe."

Mimi nikataka tukate karibu na antena. Ukanishika mkono. "Hapo hapana. Njia hizi mbili za shaba zimekaribiana mno, zinasikiana, wimbi la moja linaingia kwenye nyingine. Ukizitenganisha, kompyuta itatudanganya."

Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukakata pale njia ya shaba inaponyooka, mbali na kona na mbali na njia nyingine. Upande wa antena ukabaki kwangu. Wa amplifaya, ile ya kukuza mawimbi, ukaondoka nao kwenda kazini kwako Iringa, na kila jioni ukanipigia: "Sehemu yako imekubali?"

Kisha ukaanza kukohoa. Ulisema ni baridi tu ya Iringa. Nilipofika hospitalini ulikuwa unavuta pumzi kwa shida, na bado ukaniuliza habari za antena.

"Pumzika kwanza," nikakwambia.

Ukatabasamu. Hukuongea tena. Tulikuzika kwenu Kilolo, mvua ikinyesha, na ndugu zako wakiwa wamenizunguka.

Baba hakuja. Maji yalikuwa yamefunga njia Usangu, na habari zilimfikia ukiwa umeshazikwa.

Ilinichukua muda mrefu kuifungua kompyuta yako. Sehemu yako ilikuwa imekamilika. Hata ncha za pale tulipokata ulikuwa umezipa majina yanayofanana na yangu, ili nisihangaike kuunganisha. Nililia nikiunganisha. Majibu yakakubaliana, nikapeleka bodi itengenezwe.

Maji yalipopungua, mdogo wangu Masanja alishuka bondeni kwa baba na redio moja. Mimi nilibaki na nyingine mlimani, juu ya bonde. Ikakwaruza, halafu sauti ya baba ikatoka, safi kabisa.

"Pole, mwanangu. Sikumzika mkwe wangu."

Nikabonyeza kitufe nimjibu. Kikatoka kilio. Nilipoachia, akasema taratibu:

"Lia tu, mwanangu. Nakusikia."

Nikabonyeza tena, nikalia, nikalia. Tangu tukuzike nilikuwa najikaza mbele ya mtoto, mbele ya ndugu zako, mbele ya watu wa kazini. Siku ile, juu ya mlima, nilikulilia mpaka nikakaa chini kwenye nyasi, na baba hakunikatisha.

Kazi yako imefika, mume wangu. Lakini mimi nilikutaka wewe.

Lala salama.

Mkeo,
Mama Upendo